Chemutai wa Kona Yetu

Duka la Muziki la Lumbasi,
Kakamega.
18 Januari 2025

Emily,

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza ilijaa matusi, nikaichana. Ya pili ilikuwa kama hotuba ya chifu, nikaichana pia. Padri Oliver ndiye aliyenipa anwani yako baada ya misa. Alisema huko kwenu wanovisi hawashiki simu, kwa hiyo nitafute kalamu kama watu wa zamani.

Mwaka mzima sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Jumamosi tuliimba pamoja kwenye kona yetu mbele ya duka mpaka mvua ikatufukuza, Jumanne nikasikia kwa watu kwamba umeenda kuwa Sista. Kwa watu, Emi! Miaka sita mimi kwenye gitaa na wewe kwenye maikrofoni, halafu mtu wa kunipa habari zako ni mama anayeuza mitumba ng'ambo ya barabara.

Haya, yamepita. Nina habari ambayo haujasikia. Baba alipatwa na kiharusi mwezi wa sita. Mkono wa kulia umekufa, mguu anauburuta, na ulimi umebakiwa na neno moja tu: "Tena." Yule Mzee Cornelius aliyekuwa akibishana na wateja asubuhi hadi jioni kuhusu nani alipiga gitaa gani mwaka gani! Sasa anakaa kwenye kiti chake karibu na kaunta, na wimbo ukiisha anagonga mbao kwa mkono wa kushoto. Tena. Nisipoweka mwingine haraka anaanza kulia. Daktari alisema asiachwe peke yake hata kidogo. Kaka yangu Mike yuko Nakuru na anapiga simu kila Jumapili, anatuombea. Basi nafungua duka saa mbili, nafunga saa kumi na mbili, na katikati hapo hakuna kimya hata cha kupiga chafya.

Lakini usidhani kona yetu imekufa. Nimepata msichana anaitwa Chemutai, mwanafunzi wa chuo, mtu wa Kapsabet. Ana sauti, wewe! Jumamosi watu wa boda wanazima pikipiki wamsikilize. Hata Bramwel huacha kupiga shiriri, anakuja na kifidla chake hicho cha uzi mmoja kusimama karibu. Nakuambia tu usije ukawa na wasiwasi juu yetu.

Uwe mzima huko.

Jescah Muhonja

*

Nyumba ya Malezi,
Nandi.
9 Februari 2025

Mpendwa Jescah,

Amani ya Bwana ikae nawe na nyumba yenu yote.

Barua yako ilinifikia salama. Sista Chepng'etich, mlezi wetu, ndiye aliyenipa. Desturi ya nyumba ni kwamba yeye husoma barua zinazoingia na zinazotoka, kwa hiyo anakusalimu pia, na amemweka mzee katika sala za jioni.

Habari za Mzee Cornelius zimeniumiza sana. Namkumbuka alivyonifundisha kushika maikrofoni. Alisema nisiikabe shingo kama kuku wa Krismasi. Mwambie namsalimia. Hata kama hatajibu, mwambie.

Unisamehe kwa jinsi nilivyoondoka. Mambo yalikuwa ya haraka, na wito ni wito.

Hapa tuko wanovisi saba. Tunaamka saa kumi na moja, tunasali, tunalima kabichi na viazi, tunasoma. Baridi ya hapa si kama ya kwetu, asubuhi inaingia kwenye vidole. Naimba zaburi. Sista anasema sauti yangu ni kubwa mno kwa kanisa dogo, basi najifunza kuipunguza. Ni zoezi zuri la unyenyekevu.

Nilifurahi kusikia kuhusu Chemutai. Kweli nilifurahi. Je, anaimba ule wimbo wetu wa Mvua ya Saa Tisa? Anauanzia chini kama mimi au anauanzia juu? Nauliza tu.

Sina lolote ninalokosa hapa.

Wako katika Kristo,
Emily Khasandi

*

Kakamega.
8 Machi 2025

Emi,

Anauanzia juu. Mwanzoni haikunipendeza, lakini watu wamezoea, na kusema kweli unawafaa wapita njia hivyo. Wewe ulikuwa unawangoja waje. Yeye anawaita.

Wiki iliyopita askari wa mji walikuja kutuuliza kibali. Nilianza kurudisha gitaa kwenye mfuko, lakini Chemutai akawaambia, "Afande, ngojeni huu uishe kwanza." Wakangoja! Ulipoisha mmoja akaomba mwingine. Hali ndiyo hiyo. Jumamosi zetu zimekuwa kubwa kuliko zamani, kwa hiyo unaposali usisali kwa huzuni juu ya kona yetu.

Nilimpa Baba salamu zako. Alinitazama, akagonga kaunta. "Tena." Sikujua kama anataka wimbo au anataka nilitaje jina lako tena. Nikalitaja. Halafu nikaweka wimbo, ili niwe nimefanya yote mawili.

Kazi imebadilika. Kanda na sidii nimezifungia kwenye maboksi, hakuna mtu anayeuliza. Vijana wanakuja na flashi, "Jaza hii, weka zile kali." Wazee wanakodi spika za matanga. Kutoka kiti cha Baba hadi mlangoni ni hatua nne, nimezipima. Nikisimama hatua ya nne naona paa la soko na kipande cha barabara inayoenda kwenu Isecheno. Nikitoka hatua ya tano Baba ananikosa kwa macho na kuanza kuita lile neno lake. Basi naishi kwenye hatua nne. Wateja wananiambia nina bahati, nafanya kazi kwenye muziki. Emi, ninachukia kila wimbo ulioko kwenye mashine hii.

Lakini Jumamosi ipo. Chemutai anasema nikusalimie.

Jescah

*

Nyumba ya Malezi,
Nandi.
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Mpendwa Jescah,

Kristo amefufuka!

Naandika kwa ufupi. Kuanzia mwezi ujao tunaingia sehemu ya ndani zaidi ya malezi, na hatutaandika wala kupokea barua mpaka karibu na nadhiri za kwanza, tarehe nane Desemba. Kwa hiyo usipoona barua usidhani nimekasirika.

Nilitaka kukuuliza jambo moja kwenye Pasaka hii, lakini nimesoma tena barua yako ya Machi na nimeona si lazima. Umepata mtu, na kona inaendelea. Mungu hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Mpe Chemutai hongera zangu. Mwambie ule wimbo ana ruhusa nao. Ni wake sasa.

Emily Khasandi

*

Nandi.
3 Septemba 2025

Jescah,

Barua hii haijapita kwa Sista. Nimempa Mitchel, mama anayetuletea maziwa getini, nimemwomba aiweke posta mwenyewe. Ameapa kwa jina la mtoto wake. Usijibu, kwa sababu jibu litapita kwa Sista, na mimi nitakuwa nimevunja kanuni mbili kwa siku moja.

Nilikudanganya. Wito sikuwa nao. Nilikuwa na mama.

Nikiwa na miaka sita niliugua malaria ya kichwa. Siku tatu sikufungua macho. Mama alipiga magoti nje ya wodi akamwambia Mungu, akipona ni wako. Nikapona. Hakuniambia. Alikaa na ahadi hiyo miaka kumi na minane. Nikamaliza shule, nikaanza kuimba na wewe, yeye akinyamaza tu. Halafu moyo wake ukaanza kumsumbua, akaona ni Mungu anadai chake. Jumapili ile baada ya mvua aliniita jikoni akanieleza yote huku anakoroga uji. Hakunilazimisha, Jescah. Angenilazimisha ningekataa. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nimechoka kumkopa Mungu." Jumatatu nikafunga begi. Sikuja kwako kwa sababu ungeniuliza swali moja na mimi ningebaki.

Hapa si pabaya. Sitaki udhani wananitesa. Sista ni mkali lakini ni mtu wa haki. Wenzangu wana furaha ya kweli, ninaiona usoni mwao asubuhi. Ndiyo maana nimeshindwa. Ningekuwa na wenzangu wa kulalamika nao ningevumilia. Lakini niko kati ya watu sita waliofika nyumbani kwao, na mimi ndiye mgeni pekee, na nimevaa nguo zao.

Pasaka nilikuwa nimeamua kutoka. Nilitaka kukuuliza kama nikirudi ningepata mahali pa kusimama. Si pa kulala, pa kusimama. Kwa Mama sitaweza kwenda na mikono mitupu hivyo, nilihitaji niseme, narudi kwenye kitu fulani. Ndipo nikasoma tena barua yako. Watu wa boda wanazima pikipiki. Askari wanaomba wimbo mwingine. Nikajiona nikifika pale na kanda zangu za zamani, Chemutai ameshika maikrofoni, wewe unaona aibu kwa ajili yangu. Nikafunga mdomo.

Sikulaumu. Ulifanya vizuri kutafuta mtu. Nakuandikia kwa sababu Desemba nitasema maneno mbele ya askofu, mbele ya kijiji chote, na nilitaka mtu mmoja duniani ajue kwamba niliyasema kwa sauti ya mama yangu.

Ichome hii.

Emi

*

Kakamega.
22 Novemba 2025

Emily,

Nimeona barua yako ya Septemba jana. Jana! Ulisema hautaandika mpaka Desemba, kwa hiyo sikukanyaga posta tangu Mei. Jana mama yako alikuja dukani. Amekonda, lakini alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Alikuja kukodi spika za sherehe yako ya tarehe kumi na tatu huko Isecheno. Akaniuliza, "Wewe Jescah, kadi haukuipatanga kwa sanduku?" Nikamwomba akae na Baba dakika kumi, nikakimbia posta. Kadi ilikuwepo. Chini yake ilikuwa barua yako.

Niliisoma nimesimama pale pale, watu wananipita. Nilirudi, nikamwandikia mama yako risiti ya spika, machozi yakiidondokea. Akasema, "Unalia kwa furaha, mwanangu?" Nikasema ndiyo.

Najua Sista atasoma hii kabla yako. Sista, soma. Sina njia nyingine.

Emi, hakuna Chemutai.

Hayupo. Hajawahi kuwepo. Jina nililitoa kwa msichana aliyekuja siku moja kujaza flashi. Nilikuwa na hasira, nikataka ujue kwamba haujaniacha na shimo. Halafu ukauliza kama anauanzia wimbo chini au juu, nikaona imekuuma, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Ndiyo maana nikaongeza askari. Askari kweli walikuja, walinikuta nafagia.

Tangu Jumamosi ile ya mvua sijawahi kupiga gitaa nje ya duka hili. Maikrofoni iko kwenye droo. Sehemu yetu pale kwenye kona amesimama muhubiri mwenye spika mbovu. Bramwel ndiye pekee anayeniuliza, "Yule mwenzako atarudi lini?" Nami namwambia, yeye ni wa Mungu sasa.

Mahali pa kusimama pako wazi, Emi. Pamekuwa wazi kila siku ya miaka hii miwili. Sikuambii utoke. Kama baada ya kusoma hii bado utataka kuweka nadhiri, nitaleta spika mwenyewe mpaka Isecheno na nitapiga makofi kuliko watu wote. Lakini usiziweke kwa sababu ya msichana niliyemtunga mimi.

Jescah

*

Nyumba ya Malezi,
Nandi.
3 Desemba 2025

Kwa Binti Jescah Muhonja,

Salamu katika Bwana.

Mimi ndiye Sista Perpetua Chepng'etich, ambaye barua zako zimepitia mikononi mwake. Nakuandikia kwa sababu jambo hili ni zito na sitaki ulipate kwa mdomo wa watu.

Barua yako ilifika tarehe moja, wanovisi wakiwa siku ya pili ya mafungo. Katika mafungo hatuwapi barua, hata za msiba, isipokuwa kwa idhini yangu. Niliifungua kama ilivyo kazi yangu. Nilipoimaliza niliirudisha kwenye bahasha, nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala na kujiambia nitampa tarehe tisa, baada ya nadhiri. Nisikufiche hilo. Maandalizi yalikuwa yamekwisha, shela zimeshonwa, askofu amethibitisha. Nilijiambia ni kishawishi cha dakika ya mwisho. Kila mwaka kipo.

Nilikaa nayo siku nzima. Mimi niliingia nyumba hii miaka thelathini na mmoja iliyopita, na nina furaha, sitaki unionee huruma. Lakini kabla ya nadhiri zangu mlezi wangu alinipeleka nje, tukakaa kwenye ukuta wa kisima, akaniuliza, "Unataka?" Aliniuliza na akangoja. Nilikumbuka kwamba Emily nilimwuliza maswali mengi ya katekisimu, na nyimbo, na kanuni. Hilo moja sikumwuliza. Nilimwona anatii, nikafikiri ni jibu.

Jana baada ya masifu ya asubuhi nilimpeleka kwenye shamba la kabichi, nikampa barua yako. Alisoma amechuchumaa kati ya mistari. Nikamwambia nimesoma, na sasa najua kuhusu barua ya Septemba, na Mitchel hatapata shida yoyote. Nikamwuliza, "Unataka?"

Akasema, "Sista, Mama aliahidi."

Nikamwambia, "Nadhiri hairithiwi kama shamba."

Hakulia. Aliomba siku mbili za kukaa kimya, nikampa. Zinaisha kesho. Sijui atasema nini, na sitaki kujua kabla yeye hajajua. Geti letu lina kufuli usiku tu, na ni kwa sababu ya ng'ombe wa majirani.

Huenda nimekosea. Atakayekuwa ameumia zaidi ni yule mama. Namwombea.

Nakuomba jambo moja. Akitoka, niandikie uniambie yalikwishaje. Hawa wanaotoka huwa hatusikii habari zao tena, na sisi huendelea kuweka sahani yao mezani kwa siku kadhaa kwa mazoea.

Wako,
Sista Perpetua Chepng'etich

*

Isecheno.
14 Desemba 2025

Jescah,

Nampa Bramwel barua hii, kesho anashuka mjini na shiriri yake. Simu sina, na ya Mama siwezi kuiomba.

Nimetoka. Niliondoka tarehe tano. Sista alinisindikiza mpaka barabarani akanifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake, kwa sababu bila shela nilikuwa nasikia baridi masikioni. Wenzangu waliimba ndani, sikugeuka.

Nilikuja moja kwa moja nyumbani. Nilimkuta Mama uani na wanawake wanne wa jumuiya wanachambua mchele wa sherehe. Sikuwa nimefikiria maneno. Nilisema, "Mama, nimerudi." Aliniangalia miguu mpaka kichwa, akaona hakuna shela. Akawaambia wale wanawake, "Rudisheni mchele kwa gunia."

Tangu siku hiyo hajasema nami neno. Leo ni siku ya tisa. Ananipikia. Ugali wetu wa obusuma ananiwekea mezani, mboga ananiwekea, maji ya kuoga anachemsha. Jioni anasali rozari na nafasi yangu ya kujibu anaijibu mwenyewe. Jana ndiyo ilikuwa siku ya sherehe. Watu ambao hawakupata habari walikuja wamevaa vizuri, akawapokea mlangoni, akawaambia hakuna. Neno hilo tu, hakuna. Nami niko nyuma ya pazia.

Siwezi kutoka nje. Watoto wananiita Sista Mtoro. Moyo wake unapiga vibaya, nausikia nikimpita. Nikiondoka sasa nitamuua, nikibaki tutakufa wote wawili hapa bila kuongea. Nilifikiri nikitoka kule nitakuwa nimetoka. Hapa ni kule kule, tofauti ni kwamba hakuna zaburi.

Najua hauwezi kumwacha mzee. Sikuombi uje. Nilitaka tu ujue niko karibu.

Emi

*

Kitale.
7 Januari 2026

Mpendwa Sista Perpetua,

Shikamoo. Uliniomba nikwambie yalikwishaje. Hayajaisha, lakini nimeona nikingoja yaishe sitaandika kamwe.

Emily alinitumia barua kutoka kwao, akisema mama yake amemnyamazia. Niliisoma mara mbili, halafu nikafanya kitu ambacho sijafanya tangu Baba augue. Nilizima mashine. Baba akaanza kugonga. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia, "Baba, naenda kumchukua Emily. Bramwel atakaa nawe, atakupigia kwa mikono yake mwenyewe." Bramwel akaweka shiriri begani akaanza. Baba aligonga mara moja, mbili, halafu mkono ukakaa. Nikavuka hatua ya tano, nikapanda boda.

Mama yake, Mama Sellah, nilimkuta anawamwagia kuku maji ya kunywa. Hakunikaribisha. Alisema, "Umekuja kuninyang'anya mtoto mara ya pili."

"Nimekuja kumwuliza, Mama."

"Mimi nilimwahidi Mungu. Amenipa uhai wa mtoto, na mimi nikala bila kulipa. Sasa nitamwambia nini?"

Nilisimama pale na kofia ya boda mkononi kama mjinga. Emily ndiye aliyetoka ndani, mara yake ya kwanza kutoka nje kwa siku kumi. Alisema, "Mwambie nilipona, Mama. Hicho ndicho ulichoomba."

Mama Sellah aliketi chini, pale pale kwenye matope, na nguo yake safi. Tulidhani ni moyo. Tukamshika huku na huku. Akasema, "Niacheni nikae." Tukakaa naye. Kuku wakaja wakanywa maji yote, hakuna aliyewafukuza. Baadaye akamwambia Emily, "Chukua sweta, huko chini mvua itakukuta." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia. Hakumbariki, lakini sweta alimtolea yeye mwenyewe.

Jumamosi baada ya Krismasi tulisimama kwenye kona. Muhubiri alituachia nusu ya sehemu yake. Watu walikuja wengi, na sio kwa muziki, walikuja kumtazama Sista aliyetoroka. Emily alifungua mdomo, sauti ikatoka ndogo, ile ya kanisa lenu dogo. Kijana mmoja akapiga kelele, "Ongeza!" Watu wakacheka. Aliimba wimbo wa pili, wa tatu. Wa nne ndio uliofika ng'ambo ya barabara. Na ng'ambo ya barabara, karibu na yule mama wa mitumba, alikuwa amesimama Mama Sellah na mkoba wake. Sijui alikuja saa ngapi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakupiga makofi, hakuja kutusalimia. Akaondoka. Emily alimwona akiondoka na hakukatiza wimbo. Sijui kama hiyo ni dhambi, wewe ndiye unajua.

Sasa analala kwetu, chumba cha kanda. Mwezi mara moja atakuwa anaenda Isecheno kumpeleka mama kliniki, hilo wamekubaliana kwa kupitia mimi, kwa sababu bado maneno yao ni machache.

Lakini nilitaka kukwambia lingine. Mwaka Mpya tulikuwa tumefunga duka, Baba amelala, Emily anasuka nywele zangu. Akaniuliza, "Na wewe unataka?"

Nikasema, "Nataka nini?"

"Duka. Hapa. Unataka?"

Nilikasirika. Nilimwambia nani atamtunza Baba, nani atajaza flashi, Mike hawezi kuacha kazi. Nilisema mengi. Yeye alishika kichana tu akangoja, nadhani kama yule mlezi wako kwenye kisima. Nikaona kwamba najua jibu la kila mtu isipokuwa langu. Akasema, "Jumatatu mpaka Jumatano nitakaa na mzee. Nenda."

"Niende wapi?"

"Mimi sijui. Nenda."

Jumatatu nilivaa viatu vizuri nikafika stendi. Makanga wananiuliza, "Madam, wapi?" Sikuwa na pa kusema. Nilikaa kwenye benchi hadi saa sita, nikarudi. Nilidhani Emily atacheka. Alisema, "Kesho utafika mbali kidogo." Jana nilifika Butali. Nilishuka, nikanywa chai, nikatazama matrekta ya miwa yakipanga foleni kuingia kiwandani, nikaingiwa na hofu kwamba Baba ananiita, nikarudi nikikimbia. Baba alikuwa amelala kitini, kinywa wazi, na duka lilikuwa kimya kabisa. Sista, nilisimama mlangoni nikasikia kimya hicho, halafu nikaketi kizingitini.

Leo ni Jumatano. Barua hii naiandikia Kitale, kwenye hoteli ndogo ambayo siijui, katika mji ambao sina ndugu wala rafiki. Nimekula maharagwe na chapati. Hakuna muziki humu ndani, ila redio ya mtu mbali. Sijui ninachotaka. Nimejaribu kusema "Nataka" kwa sauti, mhudumu akadhani naomba chai ya pili, akaniletea.

Gari la mwisho la Kakamega linaondoka saa kumi na moja. Sasa ni saa tisa, na chai bado ni moto.

Jescah Muhonja